Faili la passwd lilipobaki na mstari mmoja: uchambuzi wa kisa

Amri iliyoharibu seva niliituma mimi mwenyewe kwa WhatsApp. Nilikuwa Dodoma. Seva ilikuwa Morogoro, kwenye ofisi niliyokuwa nikiitunzia mitambo, na aliyekaa mbele ya kompyuta siku hiyo alikuwa kijana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Ofisi ilikuwa imenunua mashine mpya ya kuskani, nayo ilihitaji jina lake la kuingilia ili iweke nyaraka kwenye folda ya stoo. Nikachukua njia ya mkato: jina jipya lenye namba ileile ya mtumiaji wa stoo, 1006, liongezwe kwa mstari mmoja mwishoni mwa /etc/passwd. Nikamwandikia hivi:

echo 'skana:x:1006:1006:Mashine ya kuskani:/home/stoo:/usr/sbin/nologin' | sudo tee /etc/passwd

Kilichokosekana ni -a. Sudo huendesha amri kwa mamlaka ya root, yaani mkubwa wa mfumo. Amri ya tee ikipewa -a huongeza maandishi mwishoni mwa faili. Isipopewa, hulifuta lote na kuanza kuandika upya. Kijana akainakili kama ilivyo, kwa kuwa ilitoka kwa mtu anayemwamini. Skrini ikamrudishia mstari uleule aliouandika, kwa sababu ndivyo tee inavyofanya siku zote, ikifaulu vizuri na ikifaulu vibaya. Hakuna onyo lolote lililotokea. Ilikuwa saa 5 na dakika 20 asubuhi.

Baada ya dakika chache simu ikaita.

"Kaka, shikamoo. Sudo inakataa. Inasema haijui mimi ni nani."

"Marahaba. Haikujui kivipi? Si umeitumia sasa hivi?"

"Ndiyo kaka, ile ya kwanza ilikubali. Hii ya kuweka nywila ya skana ndiyo imekataa. Nimejaribu kuingia upya kwa laptopu nyingine, seva inakata."

Nikamwomba aniandalie ls -l ya /home, yaani orodha ya folda za watu na wenyewe, na anisomee polepole. Upande wa mwenye faili, mahali penye majina ya watu, palikuwa na namba tupu, kama 1000, 1001, 1004. Upande wa kundi majina yalikuwepo kama kawaida. Folda moja tu ilikuwa na jina pande zote mbili, ile ya stoo, na mwenye folda aliandikwa skana. Hapo nikajua kila kitu kabla hajanisomea urefu wa faili. Kundi lina majina kwa sababu /etc/group ni zima. Watu hawana majina kwa sababu /etc/passwd limekwenda. Na 1006 imepata jina jipya kwa sababu mstari mmoja uliobaki duniani ni ule wangu. Alipoliangalia faili lenyewe, lilikuwa na baiti 66.

Kwa asiyelijua faili hili: licha ya jina lake, nywila hazimo. Zilihamia /etc/shadow miaka mingi iliyopita, na herufi x katika sehemu ya pili ndiyo alama ya kwamba zimehama. Kilichomo ni daftari la kuunganisha majina na namba. Kila mstari una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta pacha: jina, ile x, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, jina kamili, folda ya nyumbani, na programu anayofunguliwa akiingia. Kerneli yenyewe, kiini cha mfumo, haijali majina. Inajua namba tu, na 0 ndiye mkubwa. Ndiyo maana siku ile database iliendelea kufanya kazi, wahasibu waliokuwa wameshaingia kwenye mfumo waliendelea kuandika risiti, na hakuna mtu ofisini aliyejua kwamba seva imepoteza daftari lake la watu. Programu zilizokuwa zinaendeshwa zilikuwa zimeshauliza namba zao asubuhi zilipowashwa, zikazishika.

"Kaka, niizime niiwashe?"

Swali hili ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikamwambia, kwa sauti ambayo nadhani ilimshtua, asizime, asifunge dirisha lolote, asiguse laptopu ile nyingine. Kompyuta ikiwaka upya, kila huduma huulizwa upya inaendeshwa na nani. Systemd, inayoziwasha huduma, ikikuta huduma imeandikiwa mtumiaji asiyekuwepo, huikatalia. Database isingeamka, huduma ya SSH, ya kuingilia seva kutoka mbali, isingeamka, na hata mtu aliyekaa na kibodi mbele ya mashine asingeweza kuingia, kwa kuwa root mwenyewe hayumo daftarini. Kabla ya kuzima tulikuwa na seva nzima yenye faili moja bovu. Baada ya kuzima tungekuwa na boksi la chuma.

Sasa, njia ya kurudi ilihitaji mamlaka ya root, na sudo ilikuwa imefunga mlango. Kuingia upya kwa SSH haikuwezekana hata kwa ufunguo, kwa kuwa sshd yenyewe, kila inapopokea mgeni, humtafuta mtumiaji wake anayeitwa sshd kwenye daftari lilelile. Kijana alikuwa amejaribu pia kutuma nakala kwa scp kutoka ndani ya seva kwenda nje, nayo ikagoma ikisema hakuna mtumiaji mwenye namba 1004. Hilo huwashangaza wengi: hata kutoka nje kwa SSH kunahitaji jina lako liwemo.

Kilichotuokoa ni dirisha la pili la tmux, programu ya kufungua madirisha kadhaa ya amri kwa pamoja. Tangu asubuhi nilimwelekeza alifungue, aingie kwa sudo -i, kisha aendeshe tail -f ya /var/log/syslog ili aone yanayotokea. Dirisha hilo lilikuwa bado linatiririsha mistari. Nikamuuliza mara mbili: ulianza na sudo -i ndipo ukaandika tail, au uliandika sudo tail moja kwa moja? Tofauti ni kubwa mno. Ukiandika sudo tail, ukibonyeza Ctrl-C mamlaka yanaisha pamoja na tail, unarudi kuwa mtu wa kawaida asiye na jina. Ukianza na sudo -i, Ctrl-C inaua tail tu na unabaki umesimama ndani ya root. Akasema ana hakika alianza na sudo -i, alikumbuka alama ya # iliyotokea kabla.

"Basi bonyeza Ctrl-C. Mara moja tu. Niambie unaona nini."

"Naona root, halafu jina la seva, halafu ile alama ya #."

Nikashusha pumzi. Bash, programu inayopokea amri, iliyokuwa wazi tangu asubuhi inakumbuka jina la mwenyewe tangu ilipoanza, ndiyo maana bado iliandika root. Dirisha jipya alilolifungua kwa bahati mbaya dakika chache kabla lilijitambulisha kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya "sina jina!". Nikamwambia aandike id kwenye lile la root. Likajibu uid=0 bila jina lolote kwenye mabano. Mamlaka yapo, jina halipo. Hilo linatosha kabisa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wakifikia hatua hii hukimbilia kutafuta programu za kufufua mafaili, na muda ndipo unapopotelea. Kufuta faili na kuandika juu ya faili ni mambo mawili tofauti. Ukifuta kwa rm, kinachoondolewa ni jina tu kwenye saraka. Kama kuna programu bado imelishika faili lile, data ipo diskini, na unaweza kuichota kupitia /proc, kwenye folda ya fd ya programu hiyo. Nimewahi kurudisha faili la logi kwa njia hiyo. Lakini tee bila -a, au alama ya > peke yake, haigusi jina. Inalifungua faili lilelile, inodi ileile (kitambulisho cha faili diskini), na kulikata urefu hadi sifuri. Hata kama kungekuwa na programu imelishika, ingekuwa imeshika faili lilelile tupu. Kiungo kigumu nacho kisingesaidia, kwa kuwa ni jina la pili la kitu kilekile kilichomwagwa. Na /etc/passwd halishikwi na mtu: kila anayelihitaji hulifungua, husoma, hulifunga.

Kwa hiyo faili la zamani halikuwepo tena mahali pake. Kilichowezekana ni kupata nakala, na uzuri wa Ubuntu ya wakati ule, mfumo uliokuwa kwenye seva ile, ni kwamba yenyewe iliweka nakala mbili bila kuombwa.

Ya kwanza ni /etc/passwd-, yenye kistari mwishoni. Kila useradd, usermod, chfn au vipw inapobadilisha daftari, kwanza huhifadhi lilivyokuwa kwa jina hilo. Ya pili ni /var/backups/passwd.bak. Hiyo iliandikwa na kazi ya kila siku ya cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, ambayo kwenye Ubuntu ya wakati ule ilipangiwa saa 12 na dakika 25 asubuhi, nayo ilinakili tu ikiona faili limebadilika.

Nakala zote mbili zina adui. Kama kijana angehangaika na useradd ili kumrudisha root, chombo hicho kingehifadhi kwanza "daftari la zamani", yaani lile la baiti 66, juu ya passwd-, na nakala bora kuliko zote ingepotea kwa mkono wa kuokoa. Na kama tungeliacha jambo hadi kesho, saa 12 na dakika 25 huenda cron ingelikuta daftari limebadilika na kulinakili ubovu wake juu ya passwd.bak. Mimi na kijana tulikuwa na saa kumi na tisa hivi kwa ile ya pili, na kwa ile ya kwanza tulikuwa na muda wa kutokosea mara moja. Ndiyo maana hatua ya kwanza haikuwa kurudisha chochote. Ilikuwa kukusanya:

mkdir /root/tukio
cp -p /etc/passwd* /etc/shadow* /etc/group* /var/backups/passwd.bak /root/tukio/

Alipomaliza, nikamwambia ahesabu mistari kwa wc -l. Passwd.bak ilikuwa na 38. Passwd- ilikuwa na 39. Shadow, ambayo haikuguswa na mtu, ilikuwa na 39.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na maana kuliko amri yoyote ya kunakili. Kupata nakala ilichukua dakika moja. Kujua ipi ni ya kweli kulihitaji kukumbuka nini kilifanyika asubuhi hiyo. Kijana akasema saa 4 na dakika 5 aliongeza mtumiaji mmoja, mhasibu2, kwa adduser. Basi passwd.bak ya alfajiri haiwezi kumjua. Lakini nilitegemea passwd- nayo isimjue, maana huhifadhi hali ya kabla ya badiliko la mwisho, na badiliko la mwisho lililofanywa kwa chombo halali lilikuwa kumwongeza huyohuyo. Mbona ina mistari 39?

Nikamwomba anisomee mstari wa mwisho wa passwd-.

"mhasibu2, nukta pacha, x, nukta pacha, 1011, nukta pacha, 1011, nukta pacha, nukta pacha..."

"Nukta pacha mbili zimefuatana?"

"Ndiyo kaka, zimefuatana."

Likafumbuka. Adduser haifanyi kazi kwa mkupuo mmoja. Kwanza huita useradd, anayeandika mstari bila jina kamili. Kisha huomba nywila, inayokwenda shadow. Mwisho huita chfn, anayejaza jina kamili la mtu. Badiliko la mwisho lilikuwa la chfn, na hali ya kabla yake ni mhasibu2 aliyekwisha kuandikwa, sehemu ya jina kamili ikiwa tupu. Tulikuwa tumepoteza jina kamili la mtu mmoja, basi.

Sikutaka kuamini kwa hesabu ya mistari peke yake, kwa kuwa 39 na 39 zinaweza kulingana na bado majina yakatofautiana. Shadow ikawa shahidi:

cd /root/tukio
diff <(cut -d: -f1 passwd- | sort) <(cut -d: -f1 shadow | sort)

Haikujibu kitu. Majina yote 39 ni yaleyale. Tukalinganisha pia namba za watu na ls -ln /home, ambayo huonyesha namba za wenye folda moja kwa moja kutoka diskini, nazo zikakubaliana. Kwa njia hiyohiyo, hata mtu asiye na nakala hata moja anaweza kulijenga daftari upya: majina kutoka shadow, namba za watu kutoka kwenye folda zao, namba za makundi kutoka /etc/group. Akaunti za msingi za mfumo, kuanzia root hadi nobody, zipo kwenye /usr/share/base-passwd/passwd.master. Ni kazi ya kuchosha lakini inawezekana.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa sana nao ni mbaya: chukua passwd kutoka seva nyingine inayofanana. Namba za chini ya 100 zimepangwa na hulingana kati ya mashine na mashine. Lakini kuanzia 100 hadi 999, akaunti za huduma hupewa namba kwa zamu kadiri programu zilivyosakinishwa. Seva moja ilisakinishwa database kabla ya huduma ya barua, nyingine baadaye, na namba zimepishana. Ukileta daftari la jirani, database yako inaamka ikiwa na namba ya mwingine, haiwezi kusoma data zake yenyewe, na unaanza kubadilisha wenye mafaili gizani. Jeraha la kwanza lilikuwa dogo kuliko dawa hiyo.

Kurudisha kwenyewe kulikuwa amri moja, na nikamtaka anisomee kabla ya kubonyeza Enter, neno kwa neno, hadi kistari:

cp /etc/passwd- /etc/passwd

Kistari kikienda upande usio wake, nakala inaandikwa juu na lile bovu. Tulikuwa na nyingine kwenye /root/tukio, lakini sikutaka kuitegemea. Nilimtaka pia atumie cp tupu, si mv wala cp -p. Cp tupu humimina maandishi ndani ya faili lililopo, na ruhusa zake zinabaki 644 kama zilivyo, yaani kila mtu anaweza kulisoma. Kama tungelazimika kutumia passwd.bak na kuileta kwa mv, ingekuja na ruhusa zake za 600, root peke yake angeweza kuisoma, na watu wote wengine wangebaki bila majina huku faili likionekana zima kabisa. Nimekuta hali hiyo kwa mtu mwingine, akaamini nakala yake ni mbovu.

Akabonyeza. Akaandika id. "Root amerudi, kaka, ameandikwa kwenye mabano."

Lakini dirisha lile la root sikukubali lifungwe. Kwanza ajaribu sudo kwenye dirisha lake la kawaida. Ikakubali. Kisha aingie upya kwa SSH kutoka laptopu ya pili, maana huo ndio mtihani wa kweli. Akaingia. Ndipo tukaendesha pwck -r, inayokagua bila kubadilisha. Ililalamika kuhusu folda za nyumbani za lp, news na uucp kwamba hazipo. Hizo kwenye Debian na Ubuntu hazipo siku zote, si ugonjwa. Tukarudisha jina kamili la mhasibu kwa chfn, na skana akaongezwa kwa njia niliyopaswa kuitumia tangu mwanzo:

useradd -o -u 1006 -g 1006 -M -d /home/stoo -s /usr/sbin/nologin skana

Herufi ya -o ndiyo inayoruhusu namba kurudiwa. Chombo kilikuwepo muda wote, kinafunga daftari wakati wa kuandika, kinahifadhi nakala, na hakiwezi kufuta watu 39 kwa kukosa herufi.

Kama dirisha la root lisingekuwepo, tungelazimika kuzima kweli, lakini kwa mpango: kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kompyuta inapowaka, kuongeza init=/bin/bash mwishoni mwa mstari wa kerneli. Kerneli haisomi passwd, hivyo hukupa root bila kuuliza. Kisha mount -o remount,rw /, ile cp moja, sync, na kuwasha upya. Ambaye seva yake iko kwenye wingu hutenga diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine. Na kama nakala zote zingekuwa zimekufa, kuna kuichakura diski yenyewe kwa grep -a ukitafuta root:x:0:0:root, matokeo yakiandikwa kwenye flashi na si kwenye diski ileile. Hiyo ni ya kubahatisha, hasa kwenye SSD, kwa kuwa Ubuntu husafisha nafasi zilizoachwa mara moja kwa wiki.

Kuna waliosema baadaye kwamba bash ingezuia hili kwa set -o noclobber. Isingezuia. Noclobber hukataa alama ya > juu ya faili lililopo, lakini tee ni programu nyingine, inafungua faili yenyewe, na bash haijui. Nilichokibadilisha mimi ni kwamba amri ya kugusa /etc siitumi tena kwa simu kabla ya kuiendesha kwanza kwenye mashine yangu ya majaribio, na kwenye seva ile tukasakinisha etckeeper, inayoiweka /etc nzima ndani ya git, programu inayotunza historia ya mabadiliko.

Kijana alirudisha tail kwenye dirisha la pili saa 6 na dakika 10 mchana. Kesho yake asubuhi, saa 12 na nusu, aliingia kabla yangu akanitumia mstari mmoja: wc -l ya /var/backups/passwd.bak, mistari 40.